Ardhi ya mila: kwa nini haki ianze siku hati inapofika?

#1 Kigingi
Wakuu, salaam.

Kuna jambo linanichoma na nataka tulijadili. Katika nchi nyingi zinazoendelea watu wamekaa kwenye ardhi yao vizazi na vizazi. Wanajua shamba la fulani linaishia wapi, malisho ya kiangazi ni yapi, msitu upi haukatwi. Siku anapotokea mwekezaji, au wakubwa wanapotaka eneo la hifadhi, ardhi ile ile inaitwa "pori", "eneo wazi", "ardhi isiyotumika". Mkipiga kelele mnaulizwa: hati yenu iko wapi?

Rights and Resources Initiative, muungano wa mashirika yanayotetea haki za ardhi za jamii, walitoa hesabu mwaka 2015 kwa nchi 64. Wakaona jamii zinatambuliwa na sheria kuwa wamiliki wa asilimia 10 tu ya ardhi, na asilimia 8 nyingine wanayo mamlaka fulani juu yake bila kuimiliki. Ardhi wanayoishi na kuitumia kimila ni kubwa kuliko hiyo kwa mbali sana.

Hoja yangu ni moja. Haki ya kimila ipo tangu watu walipokaa pale, wakaitumia, na majirani wakawakubali. Hati inakuja kuithibitisha tu. Sheria ikisema "sajilini kwanza ndipo tuwatambue", imeshampa nafasi mwenye pesa na haraka. Kwa nini serikali nyingi hazitaki kuanzia hapo? Na kwa nini hata penye sheria nzuri watu bado wanang'olewa?

#2 Mwambao
Nimeshakaa. Tiririkeni.

#3 Wakili_Mtaratibu
Kigingi, asante kwa uzi. Jibu la swali lako la kwanza limo kwenye sheria za wakoloni. Kenya, sheria ya ardhi ya Taji ya mwaka 1915 iliingiza hata ardhi iliyokaliwa na wenyeji kwenye mali ya Taji la Uingereza, na mwaka 1921 mahakama ikatamka kwamba wenyeji wale ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hisani ya Taji. Tanganyika, sheria ya 1923 ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Makoloni ya Ufaransa nayo yalikuwa na kanuni kwamba ardhi tupu isiyo na mwenyewe ni ya dola. Aliyeamua kwamba ni tupu ni dola hiyo hiyo.

Uhuru ulipokuja gavana alifungasha, kifungu kikabaki. Waliokalia kiti chake waliyaona mamlaka yale kuwa matamu.

Linganisha na Ufilipino. Mwaka 1909 Mahakama ya Juu ya Marekani, wakati Marekani ndiyo inatawala visiwa vile, iliamua kesi ya mkazi wa mkoa wa Benguet kwamba ardhi iliyoshikiliwa na mtu na wazee wake tangu zamani zisizokumbukika ichukuliwe kuwa haikuwahi kuwa ya umma. Yaani mtawala mwenyewe alikubali kwamba kuna haki alizozikuta. Sheria ya Ufilipino ya mwaka 1997 kuhusu haki za watu wa asili imejengwa juu ya wazo hilo. Ilipopingwa kortini mwaka 2000, majaji waligawanyika 7 kwa 7, na kwa kuwa hapakuwa na wingi wa kuifuta, ikabaki hai.

#4 Hesabu_Kali
Ukoloni, ukoloni. Nchi nyingi zina miaka 60 ya uhuru. Gavana ndiye bado anatuzuia?

Mimi naona mambo mawili. Kwanza ni uwezo. Kupima ardhi ya nchi nzima kunahitaji wapima, ramani, ofisi, mabaraza ya kutatua migogoro. Pili ni uchumi. Ardhi ya ukoo huwezi kuipeleka benki. Mkulima anabaki na jembe la mkono wakati amekalia mali. Mwenye hati ya jina lake atachukua mkopo, atachimba kisima, atapanda miti kwa sababu anajua ni yake. Nchi ambazo zimetoka kwenye umaskini zilipima ardhi na kuwapa watu hati mmoja mmoja. Tukibaki na "ya wote" itabaki kuwa ya hakuna.

#5 Msajili_Mstaafu
Hesabu_Kali, hayo uliyoandika ndiyo nilifundishwa nikiwa kijana, na nimeyaishi ofisini. Kenya walianza mapema kuliko majirani, Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954: unganisha vipande, pima, mpe mtu hati. Ahadi ilikuwa mkopo na kilimo cha kisasa. Watafiti waliofuatilia miongo iliyofuata hawakuona mikopo ikimiminika kwa mkulima mdogo kama ilivyoahidiwa. Benki haitaki tu hati, inataka kipato cha kulipa, na haitaki kabisa kazi ya kuuza shamba la mtu katikati ya ndugu zake.

Nilichokiona kwenye masijala ni hiki. Unafungua jalada, jina lililoandikwa ni la mzee aliyefariki zamani. Juu ya shamba lile wako watoto na wajukuu wanane, kila mmoja na mpaka wake unaojulikana na wote. Hakuna aliyekuja kubadili jina, kwa sababu mirathi ina gharama na safari za mjini. Rejista inasema kitu kimoja, shamba linasema kingine. Halafu anakuja mjukuu mmoja mjanja na cheti cha kifo na hati ya zamani, anauza lote. Kisheria ana karatasi. Wale saba wana nini? Wana mila ambayo hati ile imeshaiua.

Na tukumbuke, shamba likiwekwa dhamana linaweza kwenda.

#6 NyandaKame
Naongezea kwa upande wa wafugaji, kwa sababu kila mjadala wa ardhi huwa unazungumzia mkulima peke yake.

Malisho hayana mwaka mmoja wa kufanana na mwingine. Mvua inanyesha bonde hili, mwakani inaruka. Kinachomwokoa mfugaji ni kuruhusiwa kuhama, na kanuni ya nani anaingia wapi, lini, na anamwomba nani. Ukikata ardhi ile vipande sawa ukampa kila mtu chake, umempa mmoja nyasi na mwingine vumbi, na mwakani ni kinyume chake.

Kenya walijaribu ranchi za kikundi kwa sheria ya mwaka 1968. Kajiado nyingi zikaja kugawanywa vipande vya watu binafsi. Kamati ndogo iliyokuwa na majina kwenye hati ndiyo iliyoongoza ugawaji, na wenye sauti wakapata vikubwa na vyenye maji. Vingine vikauzwa, uzio ukapanda, mapito ya mifugo na wanyamapori yakakatika. Hiyo ndiyo hati ya mtu mmoja mmoja kwenye nyika.

#7 Kipimajoto
Hesabu_Kali kimya ghafla? Rudi mkuu, NyandaKame anakusubiri mlangoni 😀

#8 Hesabu_Kali
Nipo, nilikuwa kazini.

NyandaKame, nakubali nyika ina mambo yake. Lakini si kila mahali ni nyika. Rwanda walisajili zaidi ya vipande milioni 10 ndani ya miaka michache, wakimaliza mwaka 2013. Walitumia picha za angani na vijana wa hapo hapo waliofundishwa kazi, majirani wote wanasimama shambani wanaonyesha mpaka kwenye picha. Ethiopia, Tigray walianza kutoa vyeti mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kamba na daftari. Kwa hiyo inawezekana na haihitaji utajiri.

#9 Msajili_Mstaafu
Inawezekana kusajili mara ya kwanza, hilo sina ubishi. Swali ni mara ya pili na ya tatu. Hata Rwanda, mauziano madogo na mirathi mingi yanafanyika pembeni bila kupelekwa kwenye rejista. Daftari lisilosasishwa linazalisha kesi mpya.

Ethiopia kuna kitu kimoja ningependa kila nchi iige. Amhara cheti kilibandikwa picha za mume na mke. Ukitaka kumruka mke unamruka huku sura yake inakutazama kwenye karatasi.

#10 Dira
Tanzania wana hakimiliki ya kimila lakini ni ya daraja la chini. Mwenye hati ya kupewa na serikali akifika, ya kimila inasogea pembeni. Ndiyo maana watu hawahangaiki nayo.

#11 Wakili_Mtaratibu
Dira, hapana. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, kinasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila hali na hakimiliki ya kupewa. Kenya vivyo hivyo, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema haki za kimila zina nguvu sawa na umiliki wa aina nyingine.

Tatizo liko kwenye milango iliyoachwa wazi. Tanzania ninahesabu miwili. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali kuu, kwa manufaa ya umma, na manufaa hayo yametafsiriwa kwa upana hadi kuingiza uwekezaji wenye maslahi ya taifa. Halafu Sheria ya Ardhi Na. 4, iliyopitishwa mwaka huo huo, inaitafsiri ardhi ya jumla kuwa inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Vijiji haina maneno hayo. Sasa malisho yaliyopumzishwa yaote nyasi, au shamba lililolazwa lirudishe rutuba, afisa akiliangalia kwa dirisha la gari ataliita nini?

Kenya mlango uko kwenye kifungu cha 6. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii. Ikitwaliwa, fidia inakaa kwenye akaunti ya kaunti mpaka jamii isajiliwe. Ukichelewa kusajili, pesa yako ina mlinzi ambaye hukumchagua kwa kazi hiyo.

#12 Kigingi
#11 ndicho nilichokuwa nakitafuta. "Isiyotumika" ni neno la mtu asiyejua kiangazi.

Kwa wanaosema haiwezekani kutambua bila karatasi: Msumbiji, Sheria ya Ardhi ya 1997 inasema jamii inapata haki ya kutumia ardhi kwa kuikalia kimila, na mtu aliyekaa kwa nia njema miaka 10 naye anaipata. Bila hati. Ushahidi wa mdomo wa majirani unapokelewa. Uganda, Katiba ya 1995 inamtambua mwenye ardhi ya kimila kuwa mwenye ardhi, cheti ni hiari yake. Liberia mwaka 2018 wamefika huko huko, umiliki wa kimila ni halali pawe na nyaraka au pasiwe nazo.

#13 BintiUkoo
Nimesoma mpaka hapa na nina donge.

Kila mmoja anasema "jamii", "ukoo", "wazee". Nani kati yenu amewahi kuona mjane anavyotambuliwa na hiyo mila? Mtu wangu wa karibu alifiwa na mume. Shamba alilifyeka yeye, migomba aliipanda yeye. Kikao cha ukoo kilikaa jioni moja, shemeji akatoka nalo, yeye akaambiwa abaki kulea watoto "kwenye mji", yaani pale nyumbani. Miezi michache baadaye zoezi la kusajili likapita. Fomu ilikuwa na nafasi ya jina la pili. Shemeji aliiacha tupu na hakuna aliyeuliza. Hivyo mila ilimnyima nusu, na hati ikamalizia.

Mahakama Kuu kule Mwanza mwaka 1990 iliamua kwamba mila inayomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, huku mwanamume anaruhusiwa, ni ubaguzi na haikubaliki. Na Sheria ya Vijiji ya 1999 ikaandika kwenye kifungu cha 20 kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi ni batili. Maandishi yapo. Kwenye kikao cha ukoo hakuna anayeyasoma.

Kwa hiyo Kigingi, kabla hujaniambia haki ya kimila ni kamili, niambie ni ya nani.

#14 Kigingi
BintiUkoo, swali lako ni zito na linastahili kukaa katikati ya huu uzi. Ninachopigania ni jamii kutambuliwa mbele ya dola na mwekezaji. Ndani ya jamii, Katiba lazima iingie mpaka chini ya mti. Lakini naogopa hoja ya wajane kutumiwa na watu wanaotaka kuchukua ardhi ya jamii nzima, wajane wakiwemo. Nimeona hilo likitokea.

#15 BintiUkoo
Na mimi nimeona "umoja wa jamii" ukitumika kuwanyamazisha wajane. Tuko wote wawili macho.

#16 Mpima_Kamba
Mimi ni mpima, niseme la uwandani.

Watu wanafikiri mpaka wa jamii ni mstari ambao wazee wanaujua, wewe unakwenda kuuchora. Mara nyingi mpaka ni makubaliano, na makubaliano yana ukungu ambao ulikuwa na faida yake. Siku moja tulitembea na wazee wa pande mbili, kifaa mkononi. Mti mkubwa, sawa. Mwamba mweupe, sawa. Tukafika mtoni. Wote wakasema "mpaka ni mto". Nikauliza, mto upi? Maana mafuriko yaliusogeza, mkondo wa zamani ulikuwa mchanga mtupu umbali wa mashamba kadhaa, na katikati kumeota majani mazuri kuliko popote. Miaka yote mifugo ya pande zote imelisha pale, hakuna aliyegombana. Niliposhusha kile kifaa ili nisome alama, wazee wakaanza kupandishiana sauti. Hatukuweka kigingi. Tuliandika kwamba eneo lile ni la matumizi ya pamoja, wakasaini pande zote, ramani ikawa na rangi ya tatu. Ofisini waliirudisha: "mpaka hauwezi kuwa eneo, lazima uwe mstari."

Programu nyingi za ramani na fomu nyingi za serikali hazina mahali pa kuandika "wa kwetu wakati wa masika, wenu wakati wa kiangazi". Hii ndiyo sababu nyingine ya sheria nzuri kushindwa, na hakuna mbaya wa kumlaumu.

#17 NyandaKame
Rangi ya tatu! Mkuu, hiyo ndiyo elimu yangu ya leo. Ofisi ile ingekubali, nusu ya ugomvi wa wafugaji na wakulima ungekosa pa kusimama.

#18 Mtemi_Mdogo
Mmewasahau machifu. Nasikia kila siku kwamba wao ndio walinzi wa mila. Ghana, takriban asilimia 80 ya ardhi iko chini ya mila: viti vya machifu (kiti ni mamlaka ya chifu), koo, familia. Katiba ya 1992 imegawa mapato ya ardhi za viti hivi: asilimia 10 inakwenda kwa ofisi ya serikali inayosimamia ardhi hizo, kinachobaki kinagawanywa, 25 kwa kiti, 20 kwa baraza la jadi, 55 kwa halmashauri ya wilaya. Mtafuteni kwenye hesabu hiyo mkulima aliyekuwa analima pale. Pembezoni mwa miji chifu anaweza kuuza viwanja, familia iliyolima inaondoka na shukrani.

Afrika Kusini walitunga sheria ya ardhi za jumuiya mwaka 2004 iliyowapa mabaraza ya jadi nguvu kubwa. Mahakama ya Katiba ikaifuta mwaka 2010 kwa sababu iliwapa machifu ardhi ya watu.

#19 Wakili_Mtaratibu
Mtemi_Mdogo, nakazia yote isipokuwa sababu ya kufutwa. Wakazi walilalamikia hilo la machifu, ila Mahakama ya Katiba ilijikita kwenye utaratibu: sheria ilipitishwa bungeni kwa njia isiyofaa kwa mambo yanayohusu majimbo, na kosa hilo likatosha kuiangusha yote. Kwa hiyo swali la nani mwenye ardhi kati ya chifu na mkazi halikumalizwa siku ile.

#20 Mtemi_Mdogo
Sawa wakili. Lakini walioishi chini ya mabaraza yale hawajali ilianguka kwa mguu gani.

#21 SautiYaPili
Nirudi kwa Kigingi #12. Msumbiji naipenda sana ile sheria, lakini ardhi ni mali ya dola, jamii ina haki ya kutumia. Na mwekezaji anaruhusiwa kuingia baada ya kushauriana na jamii. Hapo kwenye "kushauriana" ndipo pana shimo, na si Msumbiji tu.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa namna hiyo, nchi siitaji. Gari tatu, viti vya plastiki, mwekezaji katikati. Ikapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina, saini au dole gumba. Watu wakasaini kama kawaida, wengine wakiwa wanaingia tu. Hotuba ikatolewa: shule, zahanati, ajira. Mzee mmoja akauliza ni miaka mingapi, akaambiwa mambo ya kitaalamu yatafuata. Baadaye kwenye faili la maombi, karatasi ile ile ya mahudhurio ilikuwa imebanwa nyuma ya ukurasa wenye kichwa "Ridhaa ya Jamii". Hakuna aliyeghushi saini hata moja.

Tangu hapo nasema: mkutano mmoja ni taarifa. Ridhaa inahitaji mkutano wa pili, jamii ikiwa imekaa peke yake bila gari hata moja pale nje, na wa tatu wa kujibu. Na neno "hapana" liwe jibu halali.

#22 Mwambao
"Hapana" ikiheshimiwa, mambo yanakwenda. India, Mahakama ya Juu mwaka 2013 iliagiza mabaraza ya vijiji vya milima ya Niyamgiri, kule Odisha, yaulizwe kuhusu mgodi wa boksiti. Msingi ulikuwa Sheria ya Haki za Misitu ya 2006. Vijiji 12 vilikaa kikao kimoja kimoja, vyote 12 vikakataa. Mgodi haukuchimbwa pale.

Indonesia mwaka huo huo Mahakama ya Katiba iliamua kwamba misitu ya kimila si misitu ya dola. Furaha kubwa. Lakini ili uipate, serikali ya mitaa lazima kwanza ikutambue kwamba wewe ni jamii ya kimila. Mnaona? Umetoka kuthibitisha ardhi, sasa unathibitisha kwamba upo.

#23 Hesabu_Kali
Mnanipa mifano ya kukataa migodi. Nchi itajengwa kwa nini? Barabara, umeme, umwagiliaji, vyote vinahitaji ardhi. Kila jamii ikiwa na "hapana" mkononi, mradi wa taifa utapita wapi? Hili hamjalijibu.

#24 Chanzo
Hesabu_Kali, jamii nyingi hazikatai barabara. Zinakataa kutolewa kwa notisi ya kubandikwa mtini, na fidia ya mazao bila ya ardhi. Kutwaa kwa manufaa ya umma kupo duniani kote, mwenye hati naye anatwaliwa. Tofauti ni kwamba yeye analipwa thamani ya ardhi.

Na ile ya "ya wote ni ya hakuna" kule #4: ni hoja ya Garrett Hardin ya mwaka 1968. Elinor Ostrom alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wanaotumia malisho, misitu na mifereji kwa pamoja mara nyingi wanatunga kanuni, wanasimamiana na kuadhibiana, na mali inadumu. Alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009. Kisichokuwa na kanuni ni kile ambacho dola imewanyang'anya wenyeji na haina mtu wa kukilinda.

#25 Hesabu_Kali
Ostrom naye alisema inategemea masharti: mipaka inayoeleweka, kundi linalojulikana, adhabu zinazofanya kazi. Vijana wakihamia mjini na wageni wakiingia, masharti hayo yanalegea. Ivory Coast, sheria ya 1998 iliwapa umiliki wa ardhi ya vijijini raia tu, wakati wahamiaji na watoto wao wamelima kakao miongo mingi kwa makubaliano na wenyeji. Ugomvi wa nani mwenyeji ukawa sehemu ya moto uliowaka 2002. Kwa hiyo "jamii" nayo inaweza kuwa uzio wa kumfungia mwingine nje. Nani atamtetea huyo?

#26 BintiUkoo
Leo nakubaliana na Hesabu_Kali. Kaandikeni tarehe.

#27 Msajili_Mstaafu
Jibu la wahamiaji liko kwenye kuandika makubaliano yao pia, kukodi, kupewa, kulima kwa kugawana mazao. Sheria nyingi zinaandika mwenye ardhi, haki za wengine juu ya ardhi ile zinapotea njiani. Sijaona nchi iliyolimaliza hili vizuri.

#28 Dira
Mimi nimevunjwa moyo zaidi na kesi zilizoshinda. Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya, waliondolewa kwenye ardhi yao miaka ya 1970. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikawapa ushindi, uamuzi ukatolewa hadharani mwaka 2010. Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya pia, wakashinda Mahakama ya Afrika, Arusha, mwaka 2017. Mwaka 2022 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara mengine, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Mwaka uliofuata kulikuwa na kuondolewa watu tena Mau. Hukumu bila dola yenye nia ni nini?

Brazili, Katiba ya 1988 ilisema mipaka ya ardhi za watu wa asili ikamilishwe ndani ya miaka 5. Hesabuni wenyewe. Mwaka 2023 mahakama yao ya juu ikakataa hoja kwamba wanaodai ardhi lazima wawe walikuwa juu yake siku Katiba ilipotangazwa. Miezi michache baadaye Bunge likapitisha sheria inayorudisha hoja hiyo hiyo.

#29 Mwambao
Dira, usiishie hapo. Kolombia, sheria Na. 70 ya 1993 imewapa jamii za watu weusi wa pwani ya Pasifiki hati za pamoja, zaidi ya hekta milioni 5. Vita viliwafuata hadi huko, lakini ardhi iliandikwa kwa jina lao na haiuziki. Meksiko karibu nusu ya nchi iko chini ya ejido (ardhi ya pamoja ya wakulima wa kijiji) na jumuiya. Inawezekana kwa ukubwa.

#30 NyandaKame
Na Wahadzabe wa Yaeda Chini, kaskazini mwa Tanzania, walipata hakimiliki ya kimila ya kikundi mwaka 2011. Wawindaji na wakusanya asali, bila shamba wala zizi la kumwonyesha afisa, wakapata hati kwa jina la pamoja. Baadaye wakaanza kupata pesa za kaboni, yaani malipo ya kuutunza msitu ule ili uendelee kufyonza hewa chafu. Kwa hiyo "ya kikundi" inaingia kwenye fomu, wakitaka.

#31 Jirani_Mpya
Samahani naingia kichwa kichwa, umesema kaboni. Sisi jamii yetu haijasajiliwa bado. Kuna kampuni imekuja na mkataba wa kaboni wa miaka 40, kamati ya watu wachache imeshasaini. Wanasema hatuuzi ardhi, tunauza hewa. Ni kweli?

#32 Wakili_Mtaratibu
Jirani, mnachofunga ni matumizi. Angalia kurasa zinazosema hamtafanya nini: kuchunga wapi, kukata nini, kulima wapi. Miaka 40 ya masharti kama hayo inafika kwa wajukuu. Angalia pia nani anaweza kuuziwa mkataba huo bila kuwauliza, mgao unahesabiwa kwenye mauzo au kwenye faida, na mtajitoaje. Swali la kwanza kabisa: ile kamati ilipata wapi mamlaka? Kama hakuna mkutano wa jamii nzima uliowatuma, hapo pana pa kushika.

#33 Hesabu_Kali
Kwenye faida ni mtego. Gharama zao hamtaziona kamwe. Daini mgao wa mauzo.

#34 BintiUkoo
Na uliza kwenye hiyo kamati wanawake wangapi, na pesa itaingia akaunti ya nani.

#35 Jirani_Mpya
Kamati wako saba, mwanamke mmoja, naye anasema alisaini mahudhurio tu. Mkataba nina nakala ila ni kurasa nyingi na umeandikwa Kiingereza.

#36 SautiYaPili
Mahudhurio tena! Jirani, futa majina ya watu, tuma ukurasa wa saini na ule wenye masharti ya matumizi. Na mwambie huyo mama aandike leo, kwa mkono wake na kwa tarehe, aliambiwa nini alipokuwa anasaini. Mpima_Kamba, unaweza kumsaidia na ramani yao?

#37 Mpima_Kamba
Naweza. Jirani njoo faragha. Kabla ya ramani, nendeni kwanza kwa majirani zenu pande zote mkawaulize kampuni hiyo imeshafika kwao.